Kwetu Hatupigi Chafya Moja

2 Agosti

Mkwe wangu kaniletea shajara hii kutoka shuleni anakofundisha. Ni ya mwaka jana, ilibaki kabatini, kwa hiyo Jumatatu yake kwangu ni Jumanne. "Mama, wewe huishiwi maneno," akasema, "andika mengine humu tupumzike." Nikacheka. Mdomo anao huyu binti, ila mstaarabu.

Basi naandika. Mimi ni mshona mito. Mtaa mzima wananiita Mama Mito, na mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama nina undugu na mafuriko. Leo magunia ya sufi yamefika, msimu umeanza. Nimeyapanga chumba cha mbele karibu na cherehani mpaka dirisha limezibwa nusu. Nyumba ya wageni ya barabara kuu wanataka mito mipya vyumba vyote, kwa hiyo kazi ipo.

Humu ndani tuko wanne. Mimi, mwanangu ambaye ni dereva wa lori na kwake huja kama mgeni, mkwe wangu, na mjukuu wangu Chiriku, ana miaka minne, anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba.

3 Agosti

Nimefungua gunia la kwanza, nikapiga chafya zangu. Chiriku akatoka chumbani na nguo ya kulalia akapiga zake, mfululizo, mpaka akakaa chini. Nikampigia makofi. "Wetu huyu! Kwetu hatupigi chafya moja!"

Marehemu baba yangu alikuwa akianza zake alfajiri, jirani anajua kumekucha. Mwanangu naye hivyo hivyo. Wengine ukoo wao una mwanya, sisi tuna chafya. Mkwe wangu akapita na ndoo akasema, "Mama, hiyo si alama ya ukoo, hilo ni vumbi." Mtu wa chafya moja atatuelewa wapi.

6 Agosti

Kushona tu. Mgongo.

9 Agosti

Chiriku anakohoa. Mkwe wangu kasema, "Mama, sufi haiwezi kuhamia kile chumba cha uani?" Nikamwambia kinavuja. Kinavuja kweli, lakini pembeni tu. Chumba cha mbele ndicho wateja wanachonionea, wakipita njiani wananikuta nimekaa katikati ya weupe ule kama bibi harusi. Hilo sikumwambia.

12 Agosti

Mkwe wangu na Chiriku wamerudi kutoka zahanati. Pumu, ndivyo walivyoambiwa.

Pumu? Kwetu? Nimezaa, nimelea, nimezika wazee, hakuna aliyewahi kuugua pumu katika ukoo wetu. Nikakaa nikafikiri, nikakumbuka. Siku ya harusi kwao kulikuwa na mjomba mmoja mnene mwenye suti ya bluu, kaketi meza ya mbele, kila wimbo ukiisha anatoa pampu ya dawa mfukoni anavuta. Niliona nikanyamaza. Aha.

Mkwe wangu kaja na pampu ya mtoto na chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, akataka anionyeshe jinsi inavyotumika. Nikamwambia nina sufuria jikoni inaungua. Hizi pampu humzoesha mtoto, halafu anaitegemea maisha yake yote. "Basi nimeiweka juu ya kabati, mama," akasema. "Ukipata nafasi nitakuonyesha." Nafasi sikuipata, na sufuria yenyewe haikuwapo.

15 Agosti

Leo nimekwenda kukaa kidogo kwa msusi, jirani wa mbele. Pale barazani kwake wanawake hawakosi, mmoja anasukwa, wengine wanangoja zamu. Wakaniuliza habari za mjukuu. Nikasema, "Mjukuu ana pumu, wenzangu. Tuliposa mke, tukapewa na pumu nyongeza."

Walicheka! Msusi aliangusha kichana. Mmoja akarudia, "Pumu nyongeza! Mama Mito wewe!" Nimerudi nyumbani najisikia mtu. Mstari mzuri ule, nimeuandika nisiusahau.

16 Agosti

Mito ya nyumba ya wageni imefika nusu. Muuza duka kaniuliza, "Nyongeza hajambo?" Nikacheka.

19 Agosti

Upepo. Sufi inaruka mpaka jikoni.

21 Agosti

Mkwe wangu haongei. Asubuhi "Shikamoo mama," nami "Marahaba," kisha basi. Chakula kipo, maji ya kuoga yapo, neno hakuna. Nadhani ni maringo ya ualimu. Akiringa na mimi nitaringa, nimeanza kabla yake.

24 Agosti

Chiriku karudi kutoka kucheza akakaa karibu na miguu yangu, kwenye kanyagio la cherehani, ikabidi nisimame kushona.

"Bibi, nyongeza ni nini?"

"Ni kitu muuza duka anachokupa juu ya ulichonunua."

"Kizuri?"

"Kizuri."

"Basi mbona wakiniita wanacheka?"

Nikamuuliza nani wanakuita. Akanitajia wote aliokuwa anacheza nao, kwa vidole. Akasema mmoja wao hukohoa kwanza ndipo anamwita. Akanionyesha anavyokohoa. Kisha akaniuliza yeye alikuwa nyongeza ya kununua nini.

Nikamwambia akanawe mikono. Alipoondoka nilishona foronya nzima kinyumenyume. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Aliniangalia, akaenda kumnawisha mtoto. Sasa najua si maringo.

Nimeona aibu. Ningeweza kumfuata pale pale bombani. Nimefumua foronya badala yake.

25 Agosti

Sikutoka.

28 Agosti

Nisipoandika leo nitaanza kujitetea.

Asubuhi mkwe wangu, akiwa mlangoni na mkoba begani, aliniambia maneno yake ya kwanza tangu wiki ile. "Mama, nakuomba, Chiriku asiingie chumba cha sufi. Anakohoa sana." Nikamjibu, "Nimelea, sijaanza leo." Akaenda kazini.

Mchana nilikuwa nimemwaga gunia zima sakafuni, natoa mbegu. Chiriku akachungulia. Akasema anataka kuruka kwenye sufi. Ningesema hapana. Lakini siku zote hizo sikuwa nimelisahau lile neno nyongeza, kila nikimtazama naona aibu, na nilitaka sana acheke kitu nilichompa mimi. Nikamwambia, "Ruka, mama, ruka."

Akaruka. Akazama mpaka shingoni, akacheka, nikacheka. Akaruka tena. Zikamjia chafya, nami, Mungu anisamehe, nikapiga makofi. "Wetu huyu!" Chafya zikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka mluzi kifuani. Chiriku asiyeishiwa maneno hakuwa na neno. Mabega yakapanda, ngozi kati ya mbavu ikawa inaingia ndani kila akivuta pumzi. Akanyoosha kidole juu ya kabati.

Mtoto wa miaka minne alijua dawa yake iko wapi. Nilipanda kiti nikaiteremsha, chupa na pampu, na sikujua kipi kinaingia wapi. Nikabonyeza, dawa ikaenda hewani. Nikabonyeza tena, ikanipata usoni. Chiriku ananiangalia. Nikapiga ukelele.

Msusi alikuja mbio na kichana mkononi. Akamnyanyua mtoto, akasimamisha pikipiki, tukapanda wote watatu na dereva, mimi nimemkumbatia Chiriku na kusikia ule mluzi kwenye kifua changu. Njiani ukawa mdogo. Nikadhani anapata nafuu. Pale zahanati muuguzi alipomsikiliza alianza kukimbia, ndipo nikajua mluzi ukipungua vile si nafuu.

Walimfunika pua na mdomo, mashine ikawa inamvutisha mvuke wa dawa. Muuguzi akauliza, "Alipata dawa yake kabla hamjaja?"

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo vipi?"

Msusi akanitazama.

Mkwe wangu aliingia na chaki mikononi. Chiriku alikuwa ameanza kupumua vizuri. Mama yake akakaa kitandani, akaona nywele za mtoto zimejaa sufi, akaanza kuitoa, unyuzi kwa unyuzi, anaikusanya kiganjani. Heri angenipigia kelele mbele ya watu wote wale.

30 Agosti

Mwanangu kafika, usiku kucha alikuwa barabarani. Leo tumekwenda wote kwa daktari wa watoto. Ni binti mdogo; nilidhani ni muuguzi, nikamwomba aniitie daktari.

Akauliza, "Katika familia, kuna mwenye pumu?"

Nikadakia kabla mtu hajafungua mdomo. Juzi nilikaribia kumuua mtoto, na leo bado nilikuwa na mdomo wa kudakia. "Upande wa mama yake," nikasema. "Mjomba wake anatembea na pampu mfukoni."

Mkwe wangu akageuka taratibu. "Mjomba yupi, mama?"

"Yule mnene, mwenye suti ya bluu. Harusini."

"Yule ni mume wa shangazi yangu. Kaoa tu kwetu, hatuna damu naye. Mngeuliza ningewaambia."

Mwanangu akatazama viatu vyake. Daktari akaniuliza mimi, "Na upande wenu, bibi?"

"Sisi wazima kabisa," nikasema. "Labda hizi chafya tu."

"Chafya zipi?"

Hapo nikajisikia nimepata pa kusimama, maana hadithi hiyo naijua. Nikamsimulia marehemu baba na jirani yake, nikamsimulia mwanangu, nikamsimulia ninavyompigia makofi Chiriku. Kwingine kote watu hucheka. Daktari alikuwa anaandika.

"Na macho yanawasha?"

"Msimu wa sufi, ndiyo."

"Ngozi je? Kuna aliyewahi kupata ukurutu?"

"Hakuna," nikasema.

"Mimi," mwanangu akasema. "Nyuma ya magoti na ndani ya viwiko, mpaka nilipomaliza darasa la nne. Mama alikuwa akinipaka mafuta na kuwaambia watu ni joto."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimeamini hilo joto langu mwenyewe.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema pumu, ukurutu na hizo chafya ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto harithi ugonjwa wenyewe, anarithi mwili mwepesi wa kukasirika, halafu vumbi au moshi au mafua yanakuja kuuchokoza. Unaweza kutoka kwa baba, kwa mama, kwa wote wawili, na mara nyingine hauonekani kwa yeyote. Mzazi hachagui cha kurithisha, akasema, kwa hiyo hapa hakuna wa kulaumiwa.

Alisema kwa upole, akidhani ananituliza. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nikilipigia makofi kila asubuhi. Kwa damu sina kosa, hilo nimelielewa. Lakini nani alimwambia daktari kuhusu baraza la msusi? Nani alimwambia kuhusu sufuria isiyokuwa jikoni?

Akasema sufi itoke nyumbani, na kila anayekaa na mtoto ajue kutumia pampu. Akaniita mimi kwanza. Unatikisa pampu, unaichomeka nyuma ya chupa, unamfunika mtoto mdomo na pua kwa kile kifuniko cha mbele, unabonyeza mara moja, unamwacha apumue polepole. Ni rahisi kuliko kuvika uzi kwenye sindano. Nilimfanyia mwanasesere wa pale mezani, mkwe wangu anatazama ukutani.

31 Agosti

Nimemwambia mwanangu yote, pamoja na nyongeza. Kumbe alikuwa anajua, madereva wenzake walimtania.

"Na ukanyamaza?" nikamwambia.

"Nilinyamaza kwa sababu ni wewe, mama. Na mke wangu alinyamaza kwa sababu nilinyamaza mimi." Akasimama akaenda kulilia kwenye lori lake. Hakusema analia. Alisema anakagua magurudumu.

1 Septemba

Mkwe wangu kamchukua Chiriku, kaenda kwao. Alisema ni mpaka sufi itoke, ndivyo daktari alivyosema. "Kwaheri mama," akanipa mkono kwa heshima zote. Nilitaka kumwambia nisamehe, likatoka, "Umechukua sweta?" Akasema amechukua.

Chiriku alinipungia mkono mpaka kona.

2 Septemba

Nyumba kimya. Nasikia cherehani la mtaa wa pili.

4 Septemba

Nimepata kibanda nyuma ya duka la mbao. Hakuna anayepita wa kuniona, labda fundi seremala. Mwanangu kahamisha magunia yote. Alipobeba la mwisho tulipiga chafya wote wawili, mfululizo, na hakuna aliyecheka.

5 Septemba

Nimefuta kuta kwa kitambaa chenye maji. Nimefua mapazia. Nyuma ya kabati nimekuta sufi ya msimu uliopita na ya misimu mingi kabla yake, imeganda kama blanketi. Mtoto huyu amezaliwa akaikuta hapo. Mama yake alikuwa akifagia kila siku na mimi namwambia ufagio unaisha.

7 Septemba

Leo nimekwenda kwa msusi. Nilingoja baraza lijae, maana niliposema mara ya kwanza lilikuwa limejaa.

Nikasema, "Ile nyongeza niliyowaambia, imetoka kwangu. Kwetu ndiko kwenye mwili huo. Kwa kina mkwe wangu hakuna pumu, yule mjomba ni wa kuoa. Mimi ndiye niliyeileta, na lawama nikamtupia yeye."

Wakacheka! Mmoja akajipiga paja. "Mama Mito kwa vichekesho!" Nimekuwa mcheshi muda mrefu mno, hata nikitubu wanangoja mkia wa hadithi. Ikabidi niseme mara ya pili, polepole, bila utamu. Machozi yakaanza kunitoka na kamasi juu. Mmoja akaanza kutazama kucha zake.

Msusi akaendelea kusuka. Baadaye akasema, "Yule mtoto anaitwa Chiriku. Atakayemwita vingine barazani kwangu atakwenda kusukwa kwingine." Akanisogezea kigoda. Sikukaa, sikustahili kukaa.

8 Septemba

Watoto bado wanasema nyongeza. Wameizoea, sasa wanaitana wao kwa wao. Niliisikia leo mara nyingi nikiwa dirishani.

11 Septemba

Nyumba ya wageni wamechukua mito yao. Wamesifu. Nikawaambia asante.

13 Septemba

Kesho nitakwenda. Mwanangu alitaka anipeleke, nimekataa. Nikienda naye ataongea yeye.

14 Septemba

Nimeoga mara mbili, nimevaa nguo isiyowahi kuingia kibandani. Nyumba ya wazazi wa mkwe wangu iko mwisho wa mtaa wenye mawe, mlango wa kijani. Mkononi sikuwa na kitu. Nilikuwa nimeshona mto mdogo wa vipande vya nguo, hata chembe ya sufi haimo, nikauacha nyumbani. Niliona nitakuwa naongea kupitia mto.

Nikafika mlangoni. Ndani nikasikia mama mzazi wa mkwe wangu anaongea jikoni na mkwe wangu anamjibu, wanacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka, na kicheko chenyewe ni kizuri. Nikainua mkono kupiga hodi, hodi haikutoka. Mimi, Mama Mito, nimekosa neno moja ambalo hata mtoto anajua. Yule mama niliwahi kumshukuru mbele ya wageni kwamba kanipa binti mzima, asiye na dosari. Sasa ningemwambia nini? Nikashusha mkono. Nikainua tena. Nikasema moyoni, nitarudi kesho. Nikageuka.

Jirani yao alikuwa anafagia uwanja. Vumbi likanijia, na chafya hazikuniuliza kama nipo tayari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, nimeinama nimeshika ukuta, haziishi, machozi yananitoka, na aibu ya kusikika pale pale nilipotaka kukimbia.

Ndani kukawa kimya. Kisha nikasikia miguu midogo inakimbia sakafuni, na sauti ya Chiriku, nzima, imejaa pumzi:

"Mama! Wetu huyo! Wetu huyo, yuko mlangoni!"

Mlango ukafunguliwa. Chiriku akanirukia magotini. Mkwe wangu alikuwa nyuma yake, mikono ina unga, ananitazama nilivyo, pua inatiririka na sina hata kitambaa.

"Shikamoo mama," akasema.

Sikuitikia marahaba. Nilisema, "Nisamehe, mwanangu. Ilitoka kwangu, na nilijua kuongea tu."

Alifuta mikono kwenye nguo, akaitazama nguo yangu kutoka juu mpaka chini, begani, mikononi, kwenye pindo, jinsi ninavyokagua mshono wa mtu mwingine. Hakuona unyuzi wa sufi. Akaingia ndani akarudi na pampu na chupa yake, akaniwekea mikononi.

"Mpe Chiriku dawa yake ya jioni," akasema, "nione."